Kibuyu cha Maziwa Chini ya Mtumbwi

Siku niliyokabidhi stoo ya ofisi ya uvuvi hapa Garsen, Bi Amina aliyechukua nafasi yangu alikuwa na orodha ndefu mkononi na kalamu sikioni. Mizani, ipo. Nyavu za vipimo, zipo, ingawa panya wameshazipima kabla yetu. Makoti ya kuelea ni manne, moja halielei. Kila kitu alikiwekea alama mpaka akafika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Hapo alikuta kibuyu cheusi kilichotobolewa matundu ubavuni, shingoni kina kamba ya nailoni.

"Mzee Wario, hiki hakimo kwenye orodha. Nikiandike nini?"

"Kiandike kifaa cha kuvulia."

"Hiki si cha maziwa?"

Nikamwambia kilikuwa cha maziwa. Akanitazama akingoja maelezo, lakini maelezo yenyewe ni ya miaka thelathini na zaidi, na nje bodaboda aliyekuja kunichukua alikuwa anapiga honi. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa ajili yake na ninyi wengine mliobaki ofisini. Vyeo sitavitaja, viko kwenye faili kwa anayependa kusoma faili. Nitaandika habari za mkebe wa chambo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoijua kweli, na kwa kuwa ilikaribia kunipotezea nafasi yangu nyumbani kwa mama yangu.

Mimi ni Muorma. Nilizaliwa tambarare, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Garsen, kwenye boma la ng'ombe. Kwetu wakati huo samaki hakuwa chakula. Dini haikumkataza, na sheikh wetu alisema hivyo kila alipoulizwa. Kilikuwa kinyaa tu, kinyaa cha watu waliolelewa na maziwa. Mama yangu alikuwa akisema harufu ya samaki ikiingia kwenye kibuyu, maziwa yanakataa kukaa humo. Sasa mtoto wa nyumba hiyo akaenda kuomba kazi ofisi ya uvuvi, kwa sababu ndiyo ofisi pekee iliyokuwa ikitafuta mtu anayejua kusoma na kuandika. Waliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema ndiyo, maana nilikuwa nimeshavuka mto nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe. Hawakuuliza kama ng'ombe atakuwepo kazini.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Komora, nahodha wa mtumbwi wa ofisi. Alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Hewani, mfupi, mwenye mabega mapana na maneno machache. Kazi yetu ilikuwa kuvua kila wiki sehemu zile zile za mto, kupima samaki urefu na uzito, kuandika, na kuwafundisha wavuvi yaliyotufaa. Nyavu mtoni zilinasa magogo kuliko samaki, na mamba walizichana, kwa hiyo Mzee Komora alivua kwa ndoana. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vipya.

"Wewe mtu wa ng'ombe, vua viatu. Huku hatuchungi."

Mkebe wake wa kuwaita samaki kwa harufu ulikuwa wa maziwa ya unga, ule mkubwa. Aliutoboa kwa msumari matundu ya ubavuni, chini akaacha bila tundu, na ndani akaweka jiwe bapa la kuuzamisha. Kifuniko kilibanwa kwa waya. Kamba yake ilikuwa na mafundo, fundo moja kila urefu wa mkono, ili ajue mkebe umefika wapi bila kuuona. Chambo kilikuwa pumba za mpunga zilizokandwa na ugali uliochacha siku mbili tatu, na msimu wa maembe aliongeza maganda. Harufu yake ilinifanya nitazame pembeni. Mzee Komora alisema kambare wana pua nzuri kuliko yangu na hawajalalamika.

Shikeni hili, maana halijabadilika. Mtoni, tia nanga kwanza mpaka mtumbwi utulie. Shusha mkebe upande mkondo unakotoka, uguse chini, kisha upandishe fundo moja. Ndoana zishuke upande wa pili, pale chembe na harufu zinapopitia. Ziwani hakuna mkondo, basi mkebe unakaa chini ya mtumbwi wenyewe na ndoana zinauzunguka. Kila baada ya muda utikise mara mbili. Niliuliza kwa nini si tatu.

"Mara mbili unabisha hodi. Mara tatu unawafukuza."

Na la mwisho alilirudia mpaka nikachoka kulisikia: usiujaze. Nusu tu. "Samaki akishiba anakwenda zake," alisema. "Wewe mwonjeshe. Akionja atarudi kutafuta, na akitafuta ndiyo anakutana na ndoana."

Miezi ya mwanzo nilimsikiliza vizuri. Kisha nikapata akili zangu mwenyewe. Mtoto wa wafugaji niliyekula nyama tangu nina meno niliona pumba ni chakula cha kuku. Asubuhi moja nikapita machinjioni, nikaomba damu na vipande vya utumbo, nikavificha kwenye mfuko. Mzee Komora alikuwa mbele akipiga kafi, mgongo kwangu. Nikaumwaga ule mchanganyiko wake, nikautia mkebe nyama na damu, nikaushusha. Nilitaka ageuke akute mtumbwi umejaa samaki na akiri kwamba hata sisi tuna ujuzi.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kamba ikakaza. Samaki akigusa mkebe kamba inatetemeka, lakini hii haikutetemeka. Ilikwenda taratibu, kama mtu anayechukua kitu chake, nami kwa ujinga nikaishika kwa mikono miwili. Mtumbwi ukainama, maji yakaingia. Mzee Komora aligeuka, akaona mikono yangu ilivyo myekundu, akachukua panga akaikata kamba pigo moja. Mgongo wa mamba ulionekana mbele kidogo, mrefu kuliko mtumbwi wetu, ukazama tena na mkebe wetu. Alipiga kafi mpaka ukingoni, ndipo akanigeukia.

"Uliita nani?"

"Samaki, Mzee."

"Umemwita mwenye mto." Akakaa chini, akakamua maji kwenye shati. "Kesho asubuhi nataka mkebe. Wewe umeupoteza, wewe utaleta."

Kwa hiyo damu hapana, utumbo hapana, hata siku moja. Na kamba ikivutwa namna ile, kata. Kamba nyingine itapatikana.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kutafuta mkebe. Kila uliokuwepo ulikuwa na sukari au mafuta ndani, na mke wa kaka yangu hakuwa tayari kumwaga mafuta yake kwa ajili ya kambare. Alfajiri nilipokuwa naondoka niliona kibuyu kimetundikwa nje, chini ya upenu wa nyumba ya mama. Kilikuwa na ufa kuanzia shingoni na hakikuwa na kizibo. Nikajua kimetupwa. Nilikifunga kwenye baiskeli bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hakuna anayeuliza kuhusu takataka.

Mzee Komora alikitia pua ndani akakaa nacho kitambo.

"Hiki kimefukizwa?"

"Kila asubuhi, Mzee. Tangu sijazaliwa."

Mliozaliwa mjini huenda hamjui: kibuyu cha maziwa huoshwa kisha hufukizwa kwa vijiti vinavyowaka, moshi unaingia kwenye ngozi yake pamoja na mafuta ya maziwa, na ile harufu haitoki tena. Tulipasha msumari moto tukakitoboa matundu. Tulitia mawe matatu, kwa maana kibuyu kinapenda kuelea, kisha nusu ya pumba, tukakishusha. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kambare walikuja kana kwamba wametumiwa salamu za kwao. Tulivua ishirini na mmoja kabla ya adhuhuri, na mimi niliyekuwa naandika vipimo nikaanza kukosea hesabu. Mzee Komora alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Kosa langu la pili lilikuwa furaha. Nilipanda baiskeli kurudi nyumbani nikaimba njia nzima, kibuyu kimening'inia kwenye usukani. Mama alikuwa amekaa mlangoni akisokota uzi wa mkonge juu ya paja. Nilianza kumsimulia kabla sijashuka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imesimama.

"Kilikuwa mtoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Samaki wameingia humo?"

"Hawakuingia. Wamekinusa tu."

Akautazama uzi wake. Ndipo nilipoelewa ulikuwa wa nini. Kibuyu hakikuwa kimetupwa. Kilikuwa kimetundikwa kikauke ili ashone ufa, kama wanawake wa kwetu wanavyoshona, na kilikuwa kibuyu alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Aliukunja uzi polepole akauweka chini ya mkeka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe changu, kile cha bati chenye ukingo wa buluu nilichonywea maziwa tangu utoto. Akakitundika kwenye nguzo ya nje.

"Wewe ni mwanangu," alisema. "Lakini mkono unaokwenda kule na kikombe hiki havitaingia kwenye maziwa yangu."

Hakunifukuza. Aliniombea dua kama zamani, alicheka na mimi, aliniuliza habari za wanangu walipozaliwa. Lakini tangu siku ile chai yangu ililetwa nje, kwenye kikombe changu, bila tone la maziwa. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni sawa na kuambiwa wewe ni mpita njia. Niliumia sana, na niliumia kila mara kwa miaka yote iliyofuata, sikuzoea.

Ningeweza kuacha kazi. Kaka yangu mkubwa, Dadho, alinishauri hivyo mara kadhaa, kwa upole na bila upole. Sikutaka. Nilikuwa nimeshaanza kuujua mto, kona zake na vina vyake, na nisingeweza tena kukaa nyuma ya ng'ombe nikijifanya siujui. Nikajiapiza mambo mawili: sitaacha kazi, na kikombe changu kitarudi ndani. Sikujua yote mawili yatawezekanaje pamoja. Nilijua tu kwamba sitaachia hata moja.

Kile kibuyu hakingeweza kurudi kwenye maziwa, kwa hiyo tulikitumia mpaka kiboko alipokikanyaga mwaka wa pili. Tukarudi kwenye mikebe. Ilivua, ila si kama kibuyu, na mimi sikuthubutu kuomba kingine. Mzee Komora alistaafu akarudi Hewani, mtumbwi nikaachiwa mimi. Nilifundisha mkebe wa chambo kwenye vijiji vya mtoni kutoka Chewele mpaka kukaribia Kipini. Kuna mtu alinipangia na Bangale pia, kwa karatasi yenye mhuri. Kule hakuna mto wala mtumbwi. Wafugaji walinipokea vizuri, wakauangalia mkebe wangu kwa heshima, tukanywa chai ya maziwa nikarudi. Niliinywa ile chai polepole kuliko kawaida.

Kila nilipokwenda nyumbani nilikuwa nimejisugua kwa mchanga, sabuni na ndimu. Haikusaidia. Haikuwa harufu tena, lilikuwa neno la mama, na neno lake halikuwa na ndimu yake.

Kisha mvua zikakosa. Zikakosa msimu wa pili, na wa tatu. Mnakumbuka, wengine wenu mlikuwa mmeshaajiriwa. Ng'ombe wa Dadho walikufa mmoja mmoja, mwisho wakafa watatu kwa siku. Yeye, mkewe, watoto wao watano na mama wakahamia karibu na lile ziwa ambalo mto uliliacha ulipogeuza njia, upande wa chini wa Garsen, pamoja na familia nyingine tano za kwetu. Walijenga vibanda vya matawi. Mama alikuja na mkeka wake, kibuyu kimoja kilichosalia, na kikombe changu. Alikitundika kwenye nguzo ya nje.

Nilipeleka nilichoweza kubeba kwenye baiskeli. Kwa familia sita hakikufika siku tatu. Mtoto mdogo wa Dadho aliacha kucheza, akawa anakaa tu akitazama watu. Na mbele yao, hatua mia mbili, lilikuwa ziwa lenye kambare.

Nikaenda kwenye kamati ya wavuvi wa ziwa. Wengi wao ni Wapokomo, na ziwa lilikuwa limepungua hata kwao. Mmoja alisimama akasema waziwazi: "Leo wataomba samaki, kesho watasema ziwa ni la ng'ombe wao." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mzee Komora alikuwepo, macho yameshaingia ukungu, fimbo kati ya magoti. Alingoja wamalize.

"Nyavu wasipewe," alisema. "Ndoana na mkebe tu, mtumbwi mmoja, na Wario awe ndani. Siku saba. Wakishindwa kuvua, mtumbwi urudi na maneno yaishe."

Walikubali, nadhani kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba watu wa ng'ombe wangevua kitu. Sasa ikabaki kumshawishi Dadho. Alisema ng'ombe wake watakaporudi watamnusa wamkimbie.

"Watoto wako wawe hai wawaone wakirudi," nilimwambia.

Aliondoka akaenda kukaa peke yake. Aliporudi aliuliza mtumbwini mtu anakaa wapi.

Siku ya kwanza Mzee Komora aliomba kuja pia, akakaa mbele akitumia masikio, maana macho hayakuwa na kazi tena. Dadho alishika kingo zote mbili za mtumbwi kama mtu aliyepanda punda asiyemjua. Nilimpa mkebe autie pumba, nikageuka kufunga ndoana. Alipoushusha niliona umejaa mpaka kifuniko kimeinuka. Nikamwambia nusu tu. Alikasirika.

"Wewe unaita mgeni halafu unanyima yeye chakula? Mimi nimefuga miaka hamsini. Mnyama anashiba, ndiyo anakaa kwako."

"Huyu hatumfugi, bwana," Mzee Komora alisema bila kugeuka. "Huyu tunamtaka aje na njaa yake."

Mapovu yalipanda pande zote. Samaki walikula, wakashiba, wakaenda. Hatukupata hata mmoja. Siku ya pili tulitia nusu, na bado ndoana zilipanda kama zilivyoshuka. Siku ya tatu vile vile. Nilielewa sababu nilipoutia mkebe pua mwenyewe: haukunuka kitu. Chambo cha Mzee Komora kilikuwa na nguvu kwa sababu ya ugali uliochacha, na mwaka ule hakuna nyumba iliyokuwa na ugali wa kuacha uchache. Hata zile pumba, wanawake walikuwa wanazipepeta mara ya pili kutafuta chenga za mchele. Sisi tulikuwa tunashusha makapi matupu kwenye maji ya matope ambamo kambare anaongozwa na pua peke yake.

Siku ya nne tulirudi mikono mitupu tena. Wale wa kamati walikuwa wamekaa ufukoni, hawakutucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilikaa nje ya kibanda cha mama nikinywa chai ya rangi kwenye kikombe changu. Dadho alikuwa karibu, anatazama miguu yake.

"Sitarudisha mtumbwi," nilimwambia. "Siku tatu zipo. Tunachokosa ni harufu tu. Tungekuwa na kitu kama kile kibuyu..." Nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa ndani na ukuta ulikuwa wa matawi.

Asubuhi ya tano tulikuwa tunasukuma mtumbwi nilipomwona mama anakuja, fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono mwingine. Hakuwa amewahi kukanyaga ufuko ule. Alinipa kibuyu, na kilikuwa bado na joto. Alikuwa amekifukiza asubuhi ile. Mkewe Dadho aliniambia baadaye kwamba mama alikifukiza kila asubuhi kwa miezi yote ile ambayo hakikuingia tone la maziwa.

"Toboa."

"Mama, hiki ni cha mwisho."

"Cha mwisho cha maziwa yapi? Toboa, Wario, kabla sijabadili nia."

Tuliwasha moto, msumari ukawa mwekundu. Nilikuwa nimetoboa mikebe mia katika maisha yangu, lakini pale nilisimama na koleo kama mtu aliyesahau kazi. Mama alininyang'anya koleo akatoboa tundu la kwanza mwenyewe. Moshi wa kibuyu ulimwingia machoni, akayafuta kwa ncha ya shuka.

"Ubavuni, si chini," alisema. "Nimekusikia ukifundisha." Kisha akamgeukia Dadho. "Na wewe utie nusu tu."

Tulitia nanga mahali palepale pa siku nne. Mawe matatu, nusu ya pumba, nikakishusha mpaka chini nikakipandisha fundo moja. Nikatikisa mara mbili. Mzee Komora aliinua kichwa kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali. Wa kwanza alichukua ndoana ya Dadho, na Dadho, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akapiga kelele ziwa zima lisikie.

"Wario! Samaki nashika mimi!"

"Nani kashika mwenzie?" Mzee Komora aliuliza.

"Yeye nashika mimi! Mimi nashika yeye! Saidia!"

Tulipata tisa siku hiyo. Siku ya saba tulipata kumi na saba, na kamati haikuuliza tena habari za mtumbwi.

Hakuna aliyejua kumpika samaki. Mkwewe Mzee Komora alikuja akawaonyesha wanawake wa kwetu kumsugua kambare kwa majivu mpaka ule utelezi utoke. Mama alikaa upande ambao moshi haukufika. Hakula, na mpaka leo hali samaki. Lakini hakuondoka. Alimtazama yule mtoto mdogo akila, kwanza kwa woga, kisha kwa mikono miwili. Kesho yake mtoto aligombana na dada zake kuhusu mkia, wakapigana, akalia kwa sauti. Mama aliposikia kilio kile aliinuka, akakitoa kikombe changu kwenye nguzo, akakiosha kwa maji ya moto, akaingia nacho ndani. Nilimsikia akikiweka pamoja na vingine. Hapakuwa na kitu cha kutia kwenye kikombe chochote. Mimi nilikaa pale nje na kulia, na sikuona sababu ya kujificha.

Mvua zilirudi. Dadho alibadilisha kambare wa kukausha kwa mtamba ambaye hajazaa, baadaye akapata wa pili. Bado anavua, na ng'ombe wake hawamkimbii. Ana vibuyu vyake vya kazi sasa, hiki cha mama akanirudishia, nikakitundika nyuma ya mlango wa stoo ili nifundishie. Mzee Komora hayupo tena, Mungu amrehemu. Bi Amina, usikitupe. Kikipoteza harufu, mpelekee mkewe Dadho akufukizie, na mwambie umetumwa na mimi.

Siku ile ya kukabidhi stoo sikwenda nyumbani kwangu moja kwa moja. Nilimwambia mwenye bodaboda anipeleke kwa mama, kwa sababu mtamba wa kwanza wa Dadho alikuwa amezaa wiki hiyo. Mama sasa anatembea kwa kushika kuta. Aliniita niingie, nikakaa kwenye mkeka. Akashusha kikombe chenye ukingo wa buluu, akafungua kibuyu kipya alichotengenezewa na mjukuu wake, akamimina. Yalikuwa maziwa yake ya kwanza kwangu tangu nilipokuwa kijana. Alifika nusu ya kikombe akaacha, akarudisha kizibo akakibana kwa kiganja.

"Mama, yameisha?"

"Yapo tele."

"Mbona nusu?"

"Nikikushibisha utakwenda zako," alisema. "Kesho uje tena."

Nimekwenda kila asubuhi tangu siku hiyo.